Nyumbani kwa Hadia

Simu ilimkuta Bwana Abdulwahid dukani, baada ya sala ya alasiri, akimkatia mteja kitambaa cha buibui. Aliitazama nambari asiyoijua, akaibana simu baina ya bega na sikio, mkasi ungali mkononi. Mwanamke aliyekuwa akinunua alisimulia baadaye kwamba mzee hakusema kitu ila "naam" mwanzoni na "nimesikia" mwishoni, na kwamba kitambaa alikikata upogo, jambo ambalo halikupata kutokea tangu duka lile lijulikane.

Alifunga kabla ya magharibi. Waliokaa barazani kule Langoni, mjini Amu, walimwona akipita bila ya kutoa salamu, wakatazamana. Nyumbani alimkuta mkewe, Bi Rawiya, yuko uani akipeta mchele.

"Tengeneza mzigo," alimwambia. "Kesho twenda Mpeketoni."

Bi Rawiya akauweka ungo chini. Kwa miaka mitano jina la mji ule halikutajwa ndani ya nyumba yao. Mumewe alieleza vivyo hivyo amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: Hadia amepelekwa hospitali Malindi, ana mimba ya miezi saba na presha imempanda, yule mtu yuko naye huko na ndiye aliyepiga simu, mtoto wao ameachwa kwa jirani, na jirani ana shughuli zake. "Yule mtu" alikuwa mume wa Hadia, na hilo ndilo jina pekee ambalo Bwana Abdulwahid alipata kumwitia.

Bi Rawiya aliweka mkono kifuani kama mtu anayesikia habari mpya. Ya hospitali ilikuwa mpya kweli, nayo ilimkata maini. Lakini mimba aliijua tangu mwanzo, kwa maana alikuwa na desturi ya kumpigia binti yake kwa siri, jikoni, maneno machache baina ya chungu na kinu. Sasa ilimbidi aulize, "Kumbe ana mimba?" na mumewe akajibu kwamba ndivyo alivyoambiwa, na wote wawili hawakutazamana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Yule mtu, Ian, alikuja Amu kufunga pampu za maji katika nyumba za wageni kule Shela, akamwona Hadia katika duka la dawa alikokuwa binti akifanya kazi. Alisilimu, akaitwa Isa, akaleta posa kwa adabu zote. Bwana Abdulwahid hakumtukana. Alisema tu kwamba hawajui wazee wake, na kwamba hawezi kumkabidhi binti kwa mtu ambaye ukoo wake katika dini unaanzia kwake mwenyewe. Hadia akaenda kwa kadhi, akaozwa bila ya baba. Toka siku hiyo hakurudi, na hakuna aliyemfuata.

Jioni ile Bi Rawiya alifungua kasha lake la nguo. Kila Idi alikuwa akimnunulia mjukuu wake gauni, akaliweka, na Idi iliyofuata akaligawa kwa mtoto wa jirani kwa sababu limekwisha kuwa dogo na hakuna mkono wa kulipeleka. Alilikunja la mwaka huu, la rangi ya kunde, akalitia chini kabisa ya mkoba, chini ya mikate ya mofa na samaki wakavu wa ng'onda.

* * *

Walivuka mapema kwenda Mokowe, wakapanda basi. Bwana Abdulwahid alikaa dirishani, bakora baina ya magoti, amevaa koti jipya juu ya kanzu. Hakusema kitu. Bi Rawiya naye alizoea kutosema kitu mumewe aliponyamaza. Ulikuwa ndio utaratibu wa nyumba yao, na watu waliwasifu kwa utulivu huo.

Mbele ya kijiji cha Hindi basi lilisimamishwa kwenye kizuizi. Abiria waliteremka, wakapanga foleni kando ya barabara, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Bwana Abdulwahid alitia mkono mfukoni, kisha mfuko wa pili, kisha akaanza kujipapasa kifuani polepole, kama mtu anayetafuta maumivu. Kitambulisho kilikuwa katika koti lake la zamani, nalo lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, Amu.

Askari alikuwa kijana, hakuwa na ukali. Ndiyo sababu ilikuwa vigumu zaidi. Alimwambia mzee asogee kando, akae pale kwenye tairi, wengine wapite kwanza. Bwana Abdulwahid hakupata kukaa kwenye tairi maishani mwake. Alikaa. Bi Rawiya alisimama karibu naye akimkinga na jua kwa kivuli chake, huku abiria wengine wakipanda tena mmojammoja na kuchungulia madirishani. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba watachelewa sokoni kwa sababu ya wazee wasiojua safari.

Askari aliporudi alimwuliza ametoka wapi. Mzee akasema Amu. Akamwuliza ni nani anayemjua aendako, mtu wa kumdhamini kwa maneno.

Bwana Abdulwahid alitazama ncha ya bakora yake. Bi Rawiya alijua jibu, alikuwa nalo ulimini, lakini alingoja.

"Nina mkwe wangu," mzee akasema hatimaye.

"Jina lake?"

"Isa."

"Isa nani?"

Hakujua. Alitaja tena jina lile moja, kwa sauti ya chini, na askari akacheka kidogo, bila ya ubaya, akasema kwamba hajapata kuona mzee asiyemjua mkwewe kwa jina. Kicheko hicho kiliingia hata ndani ya basi.

"Ian Kariuki," akasema Bi Rawiya. "Fundi wa pampu. Nyumba yake iko nyuma ya kinu cha mahindi."

Mumewe akainua kichwa, akamtazama. Askari alimpigia Ian kwa simu ya mzee mwenyewe, nambari ile ya jana, akaweka spika. Sauti ilikuja toka Malindi, imechoka, nyuma yake watu wakiitana majina ya wagonjwa. Ian alijieleza, akajibu alivyoulizwa, kisha akasema, "Huyo ni baba yetu, afande. Tafadhali usimweke juani."

Askari akarudisha simu kwa mikono miwili. Alimwinua mzee kwa kumshika kiwiko, akamsindikiza hata mlango wa basi, akamwambia pole. Bwana Abdulwahid alimshukuru. Basi lilipokwisha kuondoka na vumbi kutulia, alimwuliza mkewe amelijuaje jina lile. Bi Rawiya akasema alilisikia kwa watu. Mzee akatikisa kichwa kidogo, akageukia dirisha, na hakumwuliza amesikia kwa watu gani kwamba nyumba iko nyuma ya kinu.

* * *

Jirani aliitwa Mama Njoki. Aliwapokea stendi kwa bodaboda mbili, akawafikisha kwenye nyumba ya matofali yenye paa la mabati, ua wake una mikorosho miwili na mabomba yaliyolundikwa. Alikuwa mwanamke wa kazi. Alieleza upesi unga uko wapi, stima huzimwa vipi, na mtoto hulala na taa gani. Sebuleni ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, anacheka. Mama Njoki akasema huyo ni marehemu mama yake Ian, aliyemlea mtoto, Razan, toka azaliwe mpaka mwaka jana alipofariki.

Razan mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa na miaka minne, macho ya Hadia, miguu mitupu. Bi Rawiya alimwona, akauachia mkoba chini. Akachutama, akanyoosha mikono.

"Ndoo, mwanangu," akamwambia. "Ndoo kwangu."

Mtoto alimtazama, akafikiri, akatoka mbio nje. Alirudi akiiburura ndoo ya plastiki yenye maji nusu, akaiweka mbele ya bibi yake, akasimama kando kungoja aone itafanyiwa nini.

Mama Njoki aliangua kicheko. Hata Bwana Abdulwahid alitabasamu. Bi Rawiya naye akacheka, kwa furaha tu, lakini mtoto aliona watu wazima watatu wakimcheka, midomo ikaanza kumtetemeka. Bi Rawiya aliharakisha kumweleza kwamba huko kwao ndivyo watu waitanavyo, akatumia maneno ya kwao tena kulieleza jambo, na mtoto akazidi kurudi nyuma mpaka akagonga ukuta chini ya ile picha.

"Shosho yangu alikufa," Razan akasema. "Wewe ni wa nani?"

Bi Rawiya akasema yeye ni mama yake mama. Mtoto akalipima neno hilo. Mama hakupata kuwa na mama. Mama alikuwa na simu tu, ambayo alikuwa akizungumza nayo akiwa amesimama. Gauni la rangi ya kunde lilipotolewa halikupita mabegani. Bi Rawiya alikuwa amemkadiria kwa sauti yake ya simuni, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mtoto.

* * *

Bwana Abdulwahid alikuwa amesema atarudi siku ya pili yake. Siku ya pili akasema magari ya asubuhi yamekwisha kupita. Baadaye akawa hasemi sababu. Alitoa kiti chini ya mkorosho, akakaa na tasbihi yake, akitazama barabara ya vumbi kama alivyokuwa akiitazama ya mbele ya duka lake.

Hakumwita mtoto. Hakumletea chochote, hakumwambia asogee, hakumwuliza kama anampenda babu. Huenda hiyo ndiyo sababu Razan alimwendea. Kwanza alichezea upande wa pili wa mti. Kisha alisogeza mawe yake karibu na viatu vya mzee. Siku moja asubuhi Bi Rawiya, aliyekuwa akikuna nazi karibu na dirisha, alimsikia akiuliza kwa nini kofia ya babu imetobokatoboka.

"Haikutoboka," mzee akajibu. "Imetobolewa."

"Na nani?"

"Mafundi wa Amu."

Akaivua, akampa. Mtoto akapakata ile kofia ya vito, iliyodariziwa vitundu vidogo, akawa anaingiza ncha ya kidole chake katika kitundu kimoja baada ya kingine. Kazi ile aliishona Bi Rawiya mwenyewe, kwa sindano, mwaka mzima, macho yalipokuwa bado mazima. Mumewe hakusema hivyo kwa ubaya. Mwanamume wa rika lake hataji kazi ya mkewe mbele za watu, hata kama mtu huyo ana miaka minne. Bi Rawiya alilijua hilo, akaendelea kukuna, lakini mkono ulikuwa mzito.

Alipika kila alichojua kukipika. Mtoto alikataa wali wa nazi kwa sababu una utamu, akakataa samaki kwa sababu ana macho. Akala kwa babu yake, kutoka sahani ya babu yake, vile vile vitu alivyovikataa jikoni. Bi Rawiya akimkogesha, Razan husimama kimya kama mtu anayekogeshwa na daktari. Akimsuka nywele, huuliza kama imekwisha. Haikuwa chuki. Mtoto alikuwa amempoteza bibi mmoja, na hakuona sababu ya kuanza mwingine.

Mchana nyumba ilikuwa na ukimya ambao Bi Rawiya hakuuzoea. Amu, hata ukijifungia, sauti za wanawake huingia kwa madirisha ya juu; mtu huomba limau, mwingine hutangaza maziko, mwingine hukohoa tu ukajua yuko. Hapa kulikuwa na upepo katika mahindi na kinu kikianza na kunyamaza. Wanawake waliopita njiani walimwita "mgeni," kwa heshima, wakaenda zao. Alitandika kitanda cha binti yake na kukitandua tena bila ya mtu kukilalia. Katika kabati aliona kanga alizokuwa akizijua na nyingine asizozijua, na hizo asizozijua zilikuwa nyingi zaidi.

* * *

Ian alipiga simu siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini. Alimpigia Bwana Abdulwahid. Bi Rawiya aliona toka mlangoni jinsi mumewe alivyoinuka kitini, kisha akakaa tena, kisha akasimama. Alitoka akiufuta unga mikononi.

Mtoto mwanamume alikuwa amezaliwa alfajiri, akalia, akaishi mpaka jua kutoka. Hadia alikuwa salama, damu imekwisha kusimama. Ian alikuwa akiuliza namna ya kumzika. Hakuna aliyemfundisha mambo haya. Alisilimu akiwa mtu mzima, wazee wake walizikwa kwa njia nyingine, na ingawa huko Malindi walikuwapo watu wengi wa kuwauliza, alitaka amwulize mzee huyu. Bwana Abdulwahid alimweleza polepole, hatua kwa hatua, kuosha, sanda, sala, kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia tangu watoto wao walipokuwa wadogo.

Kisha akasikiliza.

"Alilia," akasema. "Basi ana haki ya jina."

Akasikiliza tena. Uso wake ukakunjamana.

"Mwite Jeilani," akasema. "Jina la baba yangu. Mwite hilo."

Bi Rawiya alikuwa amefika chini ya mti. Alinyoosha mkono apewe simu, amsemeze Hadia, amwambie neno, lolote. Lakini Ian alikuwa ameitwa na watu wa hospitali, na simu ilikatika ikiwa bado sikioni kwa mzee. Mkono wa Bi Rawiya ulibaki hewani kidogo, kisha akautumia kuokota jani lililoanguka juu ya kiti. Razan alikuwa ameshika kanzu ya babu yake kwa ngumi mbili. Mzee akamwekea mkono kichwani, akasema inna lillahi, na wote watatu wakakaa pale mpaka jua likawafikia.

* * *

Hadia alirudi kwa gari la kukodi, akiwa amelala kiti cha nyuma. Ian alimteremsha kama mtu anayeteremsha kioo. Alikuwa mwembamba, mweupe wa midomo, buibui limemzidi. Bwana Abdulwahid alikuwa amesimama mlangoni tangu aliposikia gari, na alipomwona hakujua afanye nini na bakora yake, akaiegemeza ukutani, ikaanguka.

"Nimekuya, mwanangu," akasema.

Hadia akamwendea. Akainama kuubusu mkono wake, na mzee akamzuia, akamvuta, akamwekea kichwa begani. Walisimama hivyo. Ian aligeuka kando, akajifanya analipa gari alilokwisha kulilipa. Kisha Hadia akainua uso, akamwona mama yake nyuma ya baba, amesimama na taulo na birika la maji ya moto.

"Shikamoo, mama," akasema. "Karibu."

Ni neno jema, "karibu." Bi Rawiya aliliitikia. Lakini usiku na mchana uliofuata lilimzunguka kichwani kama nzi, kwa sababu ndilo neno hilo hilo ambalo Hadia alimwambia kila jirani aliyekuja kutoa pole.

Alimhudumia kama mzazi aliyetoka kujifungua anavyohudumiwa. Alipika uji wa pilipili manga, akachemsha majani, akafua. Alipotaka kumkanda tumbo kwa maji ya moto, kama mama anavyomkanda bintiye, Hadia alivuta shuka mpaka kifuani, akasema Mama Njoki atakuja jioni, amezoea.

"Mama ndiye akandaye," akasema Bi Rawiya taratibu. "Tangu na tangu."

"Nilipomzaa Razan ulikuwa wapi?"

Bi Rawiya akasema anajua alikokuwa. Baba yake alikuwa amekataa, na yeye hakuwa na nguvu juu ya amri ya mumewe. Akamkumbusha kwamba hata hivyo hakumwacha, alikuwa akimpigia simu.

Hadia hakupandisha sauti, hakuwa na damu ya kupandishia sauti.

"Ulikuwa ukinipigia jikoni," akasema. "Ukinong'ona. Nilikuwa nikikusikia ukiwa unanihesabia maneno. Na kila baba alipokohoa ukumbini, ulinikatia. Siku niliyokuambia mkwe wangu amefariki, nimebaki peke yangu na mtoto, nilikuwa nalia, mama. Alikohoa. Ukakata."

"Niliogopa."

"Najua. Baba alinikataa mbele ya watu wote, nikajua nimekataliwa, nikajizoeza. Juzi amekuja, nimemsamehe kabla hajafungua mdomo. Wewe sijui nikusamehe nini. Hukunikataa. Ulinipenda kwa kunong'ona tu."

Maji yalikuwa yakipoa katika beseni. Bi Rawiya akakamua kitambaa, akakianika kwenye ukingo wa kitanda, akatoka. Jioni Mama Njoki alikuja, akamkanda Hadia, na Bi Rawiya alimshikia taa.

* * *

Duka halingeweza kufungwa daima. Bwana Abdulwahid alisema ataondoka Jumanne, na Ian akamtafutia barua ya chifu ili asisumbuliwe njiani. Asubuhi hiyo Razan alilia mpaka akatapika, akamwachia tu alipopewa kofia ya vito abaki nayo. Mzee alikwenda stendi kichwa wazi, jambo ambalo hakuna mtu wa Amu aliyepata kulishuhudia.

Bi Rawiya alimsindikiza. Alimwambia njiani kwamba yeye atabaki. Mumewe hakuuliza mpaka lini. Alisema dada yake atamletea chakula, na kwamba yeye akae arubaini yote ikiwa watamtaka. Walikaa kwenye benchi la mbao, wakingoja basi lijae.

"Hadia amekwambia maneno," mzee akasema.

Akasema ndiyo. Akamweleza, kwa kifupi, kwa sababu ilikuwa vigumu kuyarefusha: habari za jikoni, za simu, za kikohozi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkiria mumewe kwamba alikuwa akimvunjia amri, na alikiri akitazama magurudumu ya basi.

Bwana Abdulwahid alipitisha kiganja juu ya kichwa chake kitupu.

"Nalikuwa nikijua," akasema. "Nikifika ukumbini nikisikia sauti yako, nakohoa. Nakohoa kusudi, usikie nimefika. Nisije nikakukuta, ikanibidi nikukataze."

Bi Rawiya akageuka kumtazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nalidhani wajua."

Utingo aliita abiria. Mzee akasimama, akamwekea mkono begani, jambo ambalo si desturi yake hadharani, akasema anachelea kupoteza kiti. Basi likaondoka. Bi Rawiya alibaki kwenye benchi. Alijaribu kuwaza siku moja, moja tu, ambapo angesikia kikohozi kile na asikate. Ambapo angeendelea kusema na mwanawe kwa sauti yake ya kawaida, na mumewe angepita ukumbini akaenda kwenye msala wake. Siku kama hizo zilikuwa nyingi. Zote zilikuwa wazi, na hakuna hata moja aliyoijaribu. Watu wawili walikuwa wakioneana huruma nyumba moja, na wa tatu, mwana wao, akisikiliza toka mbali jinsi mlango unavyofungwa.

Kurudi alipotea. Safari ya kwanza alikuja kwa bodaboda, na asubuhi hii alimfuata mumewe. Aliuliza kinu cha mahindi kiko wapi, na mwanamke aliyemwuliza akamwuliza yeye ni mgeni wa nani. Akasema ni mgeni wa Hadia. Alitembea kidogo, akatamani kurudi amwambie vingine, lakini hakujua angesema nini.

Alipofika jua lilikuwa limepita utosi. Nyumbani walikuwa wamekwisha kula. Ian alikuwa amekwenda kazini, na mlango wa chumba cha Hadia ulikuwa umerudishwa. Mezani palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Razan alikuwa kizingitini, kofia imemteremka mpaka nyusi.

"Ni yako," akasema. "Mama aliamka akakupakulia. Amesema ule."

Bi Rawiya akanawa mikono, akakaa, akafunua. Ulikuwa ugali na mboga za majani, umepoa, umeanza kushika ngozi juu. Maisha yake yote alikuwa amekula pamoja na watu, mikono mingi katika sinia moja, na ugali hakuupenda. Aliumega, akatafuna, akamega tena. Mtoto alikuwa akimtazama. Toka chumbani kitanda kililia, kama mtu aliyegeuka upande apate kusikia vizuri.

Akala mpaka akamaliza. Kisha akasimama na sahani zote mbili mkononi, akauliza, kwa sauti kubwa iliyofika kila chumba, sabuni ya vyombo inawekwa wapi.

Razan akamwonyesha kwa kidole, akarudi uani kucheza.